Jiwe la Kilo

Ijumaa hii sichinji.
Ng'ombe wa Musotsi anacheua nyuma ya machinjio ya Luanda,
hajui kwamba ameongezewa siku tatu.
Nasugua sakafu kwa magadi na burashi ya waya.
Maji yanaingia mtaroni mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe,
lakini kwenye nyufa za saruji umebaki
weusi uleule wa miaka kumi na tisa.

Damu naijua. Mtu asinifundishe habari za damu.
Naijua ikiwa moto, inavyofuka mvuke alfajiri
vilima vya Bunyore vikiwa bado vimejifunika ukungu.
Najua inavyoganda kama uji uliosahauliwa,
na aproni ikishailowa, sabuni inajisumbua bure.
Fahali nimewaangusha sijui maelfu mangapi,
wala hakuna hata mmoja aliyenitua
mzigo wa kitu kidogo hivi:

jiwe la kilo.
Nililichimba tumbo mwaka ule wa ukame,
nikaliziba kwa nta, nikalipaka rangi.
Likapungua kiasi cha ngumi ya mtoto mchanga.
Afisa wa vipimo alikula maini, akagonga muhuri.
Na mjane Rhoda Khasandi, kila Jumamosi,
kilo moja, mifupa ndani yake, wajukuu sita:
"Asante mwanangu. Mungu akuzidishie."
Mimi nampunguzia,
yeye ananiombea nizidishiwe.

Khasandi tulimzika Agosti.
Nilitoa fahali wa matanga kwa nusu bei,
watu wakanisifu, sifa ikanikwama kooni kama mfupa.
Usiku nikapiga hesabu: ngumi moja, mara Jumamosi ngapi?
Hata nikilipa, nani apokee? Kaburi halina sufuria.
Nikaona jinsi deni linavyogeuka kuwa dhambi:
mwenye kudai ameshaondoka,
nawe bado umesimama na pesa mkononi.

Saa tisa niliingia kanisani, nanuka mafuta ya nyama.
Kasisi Amukoya alisoma bila haraka,
na alipopita pale pa siki na sifongo
akatamka neno ambalo ni langu:
Imekwisha.

Langu hilo! Kila Jumamosi jioni
nawatupia wanaochelewa, "Imekwisha, mama,"
na sarara iko chini ya gazeti
inamngoja mwenye gari.
Kinywani mwangu maana yake, hakuna chako.
Kinywani mwake, pale juu, mbavu zikihesabika
kama hizi ninazoning'iniza dirishani,
maana yake, sikubakiza. Chukua.
Hakuficha kipande.
Hakubonyeza mizani kwa kidole.

Fahali wangu wote waliburutwa kwa kamba.
Huyu alikuja akitembea.
Labda tofauti ni hiyo; mimi si mwalimu wa dini.
Wale hawakujua jina langu.
Huyu alilijua, na tundu lililo chini ya jiwe alilijua,
akaingia humo, akalijaza.

Nikaenda kwa Khasandi, jiwe mfukoni
likinigonga paja kila hatua.
Mkaza mwanawe, Mbone, alikuwa anachambua kunde.
Nikampa jiwe, nikaligeuza, nikasema yote.
Mvua ikaanza kudonoa mabati.
Alilitazama tundu lile muda mrefu,
akalitia kidole, kama mtu anayepima jeraha.
Hakusema amenisamehe.
Alisema, "Mama alijua.
Ndiyo sababu alikuwa anakuombea kwa sauti."

Jumatatu nitamchinja ng'ombe wa Musotsi.
Ni kazi, na watu watakula.
Damu yake itashuka mtaroni, damu ya ng'ombe tu.
Sitaitaka inioshe.